Taa ya Pikipiki Haioni Mbele? Soma Hapa Kabla Hujanunua LED

Wale mliozoea kupita hapa kutafuta stori za mjini leo mtanivumilia, nimekuja na ishu ya ufundi. Ila ni ishu inayotuhusu wote huku kwetu: anayeendesha, anayepakiwa, hata anayetembea kwa miguu pembeni ya lami usiku.

Pale kijiweni Kibiti swali haliishi: "Oya, taa yangu haioni mbele, nifunge LED ipi?" Jamaa anaingia dukani, anachukua ile iliyoandikwa wati nyingi kuliko zote, fundi anakata waya na kuunga, taa inawaka nyeupeee mpaka mtaa wa pili. Wiki mbili baadaye betri imekufa, honi inalia kama mbuzi mwenye mafua, na kila anayekutana naye njiani anamtukana. Mimi siyo fundi, ila nimekaa sana pembeni ya meza za mafundi, nimeuliza maswali mpaka wakanichoka, na fizikia ya kidato cha nne imenisaidia kuelewa walichokuwa wananijibu. Nikupe nilichokipata.

KWA NINI HUKU KWETU TAA NI ROHO YA MTU

Usiku wa kwetu unaujua. Ukitoka Kibiti kwenda Ikwiriri na Daraja la Mkapa, au ukirudi upande wa Bungu na Jaribu Mpakani, lami ipo na magari ya Lindi na Mtwara yanakimbia. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2003 hakuna tena kusubiri pantoni ya Ndundu, gari linapita moja kwa moja. Lakini pembeni ya lami hiyohiyo kuna mtu anatembea na nguo nyeusi, kuna baiskeli ya mkaa isiyo na taa, na kuna lori bovu lililowekewa matawi ya miti barabarani badala ya pembetatu.

Sasa kata kona Bungu uende Nyamisati, wanakopandia boti za Mafia. Huko ni vumbi, mchanga, mashimo, na nguruwe pori wanaovuka bila kupiga honi. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Macho ya ng'ombe, mbuzi na paka yanang'aa ukiyamulika kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Nguruwe hana utando huo, na binadamu pia hana. Kwa hiyo ukizoea kusubiri kuona macho yanayong'aa ndiyo ukamate breki, nguruwe utamwona akiwa tayari kwenye tairi.

Halafu kuna zile safari ambazo huwezi kusema "nitaenda asubuhi". Mama mjamzito ameshikwa na uchungu saa nane za usiku kijijini, gari hakuna, ni bodaboda mpaka zahanati, au mpaka Kibiti, au Mchukwi hospitali. Mwaka 2017, kipindi kile cha mauaji, polisi walizuia bodaboda kutembea usiku ukanda wetu. Waliokuwa na wagonjwa kipindi kile wanajua pikipiki ya usiku ina thamani gani. Leo tunatembea usiku, basi tutembee tukiona.

HESABU MOJA KABLA YA UFUNDI

Ukiwa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja unakula mita 17 hivi. Tangu jicho lione kitu mpaka mkono ukamate breki, weka sekunde moja na nusu: hapo mita 25 zimeshaenda na hujaanza hata kupunguza. Kwenye lami kavu, breki nzuri, utahitaji kama mita 28 nyingine mpaka usimame. Jumla mita 53.

Ukiwa 40, jumla inashuka mpaka mita 29 hivi. Ukiwa 80, inapanda mpaka mita 83. Hapo ni lami kavu. Kwenye mchanga, au umebeba abiria na gunia, ongeza.

Sasa tuseme dimu yako inakuonyesha mtu wa nguo nyeusi akiwa mita 35. Ina maana ukiwa na 60 tayari unaendesha kipofu: ukimwona, umeshachelewa. Kwa hiyo kuna dawa mbili tu, kuongeza mwanga au kupunguza mwendo. Mwanga tutauongeza, ila weka hesabu hii kichwani, kwa sababu taa mpya huwa inamdanganya mtu aongeze mwendo zaidi ya ilivyoongeza mwanga. Akifika hapo hajapata faida yoyote, amebaki palepale na deni la taa juu.

KABLA YA KUNUNUA, ANGALIA MWANGA UNAPOTELEA WAPI

Hii ndiyo sehemu watu wanairuka, na ndiyo ya bei rahisi.

Kwanza kioo. Vumbi la Nyamisati na tope la masika vinafanya plastiki ya mbele iwe kama glasi ya uji. Osha kwa maji na sabuni, usifute vumbi kavu kwa kitambaa maana unakwaruza.

Pili kikombe cha ndani, ile sehemu inayong'aa kama kioo nyuma ya globu. Kama maji yaliingia na mng'ao umebanduka, hakuna globu duniani itakayokusaidia. Badilisha taa nzima.

Tatu globu yenyewe. Ukiona imekuwa nyeusi kwa ndani, imechoka, hata kama bado inawaka.

Nne, na hii ni kubwa, ni waya. Mwambie fundi mwenye mita apime volti kwenye betri, halafu apime kwenye soketi ya globu, taa ikiwa inawaka. Kama taa yako inakula betri na betri inasoma 12.6 wakati soketi inasoma 11.2, kuna volti 1.4 zimepotea njiani: kwenye swichi iliyochakaa, maungio yaliyosokotwa na tepu, au ethi yenye kutu. Utasema volti moja na ushee siyo kitu. Ni kitu! Globu ya kawaida ya uzi ikipunguziwa volti kidogo, mwanga unashuka mara tatu zaidi. Kwa mfano huo wa 11.2, karibu theluthi moja ya mwanga wako imepotea. Yaani unanunua taa mpya kumbe theluthi nzima ya taa ya zamani imelala ndani ya waya.

Safisha maungio, futa kutu ya ethi mpaka uone chuma, badilisha swichi kama imeungua, halafu washa tena. Wengine wanaishia hapo na hela inabaki mfukoni.

TAA YAKO INAKULA UMEME WA WAPI?

Pikipiki ina umeme wa aina mbili. Kuna umeme wa betri, unaotiririka upande mmoja muda wote, ndiyo unaoitwa DC. Na kuna umeme unaotoka moja kwa moja kwenye koili za magneti, unaokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi, huo ni AC. Pikipiki ndogo nyingi zilipewa taa ya mbele inayokula AC moja kwa moja, ili kuihurumia betri ndogo.

Kujua yako ni ipi, huhitaji mita. Zima injini, fungua ufunguo, washa taa. Ikiwaka, inakula betri. Isipowaka mpaka upige stati, na ikawa inafifia ukiachia mafuta na kuongezeka ukipiga resi, inakula magneti. Usijibiwe kwa jina la pikipiki, eti "Boxer zote ziko hivi" au "TVS zote ziko vile". Matoleo yanatofautiana, na ya mkononi yameshapita kwa mafundi wangapi? Fanya jaribio, ni dakika moja.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu LED nyingi zimetengenezwa kwa DC. Ukiichomeka kwenye AC itawaka kwa kucheza cheza, itafifia ukiwa silensa, na mara nyingi itaungua mapema. Kuna LED zilizoandikwa AC/DC, hizo zinapokea zote mbili, ila kwenye mwendo mdogo bado utaona inacheza.

Na ule mtindo wa fundi kuhamisha globu ya kawaida kutoka magneti kuipeleka betri? Piga hesabu. Globu ya wati 35 kwenye volti 12 inakula karibu amperi 3. Betri ndogo ya pikipiki ni kama amperi 5 kwa saa. Kama chaji haiingii ya kutosha, hata saa mbili haimalizi. Ndiyo zile betri zinazokufa na lawama anapewa Mchina.

LED IPI BASI?

Uzuri wa LED ni kwamba kwa umeme uleule inatoa mwanga mwingi zaidi ya globu ya uzi. Wajapani waliofanikisha LED ya bluu, ambayo ndiyo imezaa hizi nyeupe, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014, kwa hiyo siyo kitu cha mchezo. Tatizo ni maboksi.

Boksi linaandikwa wati 80, wati 120. Ukitaka ukweli, weka mita ya amperi. Volti mara amperi ndiyo wati. Ikisoma volti 12.6 na amperi 0.9, hiyo taa ni wati 11 na ushee, boksi liseme linachotaka. Na usinune! LED ya wati 10 hadi 15 za kweli, iliyokaa vizuri kwenye kikombe, inatosha pikipiki ya biashara na haiui betri. Inakula amperi 1 hivi, betri ileile ya amperi 5 inaweza kuivumilia muda mrefu hata chaji ikiwa ndogo.

Kitu cha kuangalia zaidi ni umbo. Kikombe cha taa yako kimechongwa kwa ajili ya uzi wa globu kukaa sehemu moja, milimita kwa milimita. Nyuzi ziko mbili, mmoja wa fuli na mmoja wa dimu. LED ikiwa na vidonge vyake sehemu nyingine, mwanga unatawanyika: juu ya miti unaona ndege wamelala, barabarani huoni shimo. Kwa hiyo nenda dukani na globu yako ya zamani, ziweke sambamba. Vidonge vya LED viwe pale uzi ulipokuwa, vidogo, na ukishaifunga viangalie kushoto na kulia. Ile yenye vidonge kila upande kama hindi lililopukuchuliwa nusu, iache hapohapo dukani. Na hakikisha fuli na dimu ni vitu viwili tofauti. Kuna LED ambazo dimu yake ni fuli iliyopunguzwa mwanga tu, hiyo itamchoma macho mwenzako ukiwa umeweka dimu.

Rangi nayo usiivamie. Nyeupe inayoelekea bluu inapendeza kwenye picha, lakini kwenye vumbi na ukungu wa alfajiri bondeni mwanga unakurudia usoni kama ukuta. Chagua nyeupe ya kawaida au yenye unjano kidogo.

KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Kama taa yako tayari inakula betri, kazi ni ndogo: safisha soketi, chomeka LED, weka kifuniko cha mpira kizibe vizuri, funga. Hakikisha kipande cha nyuma cha kupooza hakigusi waya, maana LED inapata moto kwa nyuma.

Kama inakula magneti, mwambie fundi hivi:

1. Atafute waya unaoleta AC kwenye swichi ya taa. Autafute kwa mita, asiende kwa rangi, maana rangi zinatofautiana.
2. Aukate huo na kuuziba ncha vizuri, usiguse bodi.
3. Swichi ilishwe na waya wa betri unaopita kwenye ufunguo, ili ukizima ufunguo na taa izime.
4. Njiani iwekwe fyuzi ya amperi 5. Fyuzi siyo urembo. Waya ukikwaruzika kwenye shingo ya usukani bila fyuzi, unawaka moto juu ya tenki la petroli.
5. Maungio yalehemiwe au yabanwe kwa viungio, siyo kusokota na tepu.
6. Mwisho aangalie taa ya nyuma bado inawaka. Mara nyingi inakula njia moja na ya mbele, na fundi akisahau unatembea gizani kwa nyuma bila kujua.

Ukimaliza, pima betri ikiwa taa imewashwa na injini ina resi ya kawaida. Ikisoma kati ya 13 na 14.5, chaji inaingia, lala salama. Ikibaki chini ya 12.6, betri inaliwa kuliko inavyolishwa, rudi kwenye rektifaya na koili kabla haijakuzimikia porini. Na kama kabla ya yote haya globu zako zilikuwa zinaungua kila baada ya siku chache, rektifaya ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ibadilishe kwanza, la sivyo na LED itafuata njia hiyohiyo.

UKUTANI, DAKIKA KUMI ZA BURE

Taa kali iliyokaa vibaya ni mbaya kuliko taa hafifu iliyokaa sawa. Tafuta ukuta na sehemu tambarare. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, upepo wa tairi uwe sawa, na ukae juu yake. Mwenzako apime urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, tuseme sentimita 90, aweke alama ya chaki ukutani kwa urefu huohuo. Washa dimu. Sehemu kali ya mwanga iwe chini ya alama kwa sentimita 5 hadi 10. Ikiwa chini kwa 5, mwanga utagusa barabara mita 90 mbele. Ikiwa chini kwa 10, mita 45. Ukiwa juu ya alama, unamulika macho ya watu.

Sasa rudia ukiwa umepakia. Abiria akikaa nyuma, shokapu zinashuka na pua inapanda, taa nayo inapanda. Wale wa mshikaki na magunia ndiyo wanaoangaza mawingu. Kama kazi yako kubwa ya usiku ni abiria, pima ukiwa na abiria.

YULE ANAYEKUJA MBELE

Wengine wanasema "mimi naona, yeye shauri yake". Haya, fikiri hivi. Ukimpiga mtu fuli usoni, macho yake yanachukua sekunde kadhaa kurudi. Akiwa na 60, sekunde tatu ni mita 50 anazokwenda bila kuona. Ndani ya mita 50 hizo kuna wewe, na kuna yule mama anayetembea pembeni na ndoo kichwani. Akikosea, anakosea upande wako. Shusha dimu mapema, na wewe ukipigwa fuli, punguza mwendo na angalia ukingo wa kushoto wa barabara, usiitazame taa.

CHUMVI YA DELTA

Hii ni kwa wenzetu wa ukanda wa mikoko, na wanaovusha pikipiki kwa boti. Hewa ya chumvi inaweka kutu ya kijani kwenye kila kiungio cha shaba. Taa iliyofungwa vizuri leo inaweza kufifia ndani ya miezi michache bila kuungua. Maungio yote yapakwe grisi, na vichwa vya betri mafuta ya mgando. Ukipita kwenye maji, fungua taa kesho yake uangalie unyevu ndani. Kitundu kidogo cha kupumulia chini ya taa usikizibe, maji yanatokea hapo. Na ikimwagikiwa maji ya chumvi, suuza kwa maji baridi, usisubiri.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

"Nifunge globu kubwa ya gari, ile ya 60/55?" Hapana mkuu. Inakula karibu amperi 5, waya wa pikipiki unapata moto na kikombe cha plastiki kinayeyuka.

"Globu za bluu je?" Ile rangi ni kama kuivalisha globu miwani ya jua. Mwanga unapungua.

"Spoti mbili kwenye ngao?" Sawa, ila ziwe na swichi yake, fyuzi yake, ziangalie chini, na uzizime ukiona mtu mbele. Zinazomweka nyekundu na bluu waachie polisi na ambulensi.

"Sina hela ya LED sasa hivi." Osha kioo, safisha ethi, pima ukutani, vaa reflekta, na tembea 40. Rudi kwenye hesabu ya juu uone: kutoka 60 kwenda 40 umejipatia mita 24 za bure. Hakuna duka la spea linalouza mita 24 kwa bei hiyo.

Ni hayo tu wadau. Mwenye nafasi achapishe kurasa hizi ampelekee fundi wake, sehemu ya hatua sita itamsaidia. Mafundi mliopo humu, kama kuna njia nyingine mnayoitumia huko Ikwiriri, Bungu au Nyamisati, tupia hapo chini, tena taja pikipiki na namba za mita yako, siyo "inawaka freshi" tu. Safari njema za usiku.